Nilivyomkagua Bi Tatu Mara Tatu Bila Kumwona

Siku mliyoniaga kwa kustaafu, kipaza sauti kiligoma muda wote niliokuwa nikizungumza, kikaja kuwaka chenyewe wakati wa kutangaza kwamba chakula kiko tayari. Kwa hiyo wengi wenu mlisikia habari za pilau na hamkusikia zangu. Hamkukosa kitu. Nilikuwa nashukuru tu, na kushukuru hakumfundishi mtu kazi. Niliyotaka kuwaambia hasa ni haya ninayoyaandika sasa, nikiwa barazani kwangu hapa Bagamoyo, miguu juu ya kigoda, simu nimeizima kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

Vyeo na mishahara nitavipita. Vyeo vilikuja vikiwa vimechelewa, mishahara ilikuja ikiwa imekwisha kutumika. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na jinsi nilivyokwenda Kiwangwa mara tatu kumkagua bibi mmoja, nikaandika mara tatu kwamba ni mzima wa afya, na bibi mwenyewe nilikuwa sijamwona hata mara moja.

Siku ya kwanza niliripoti saa moja na nusu asubuhi nikiwa na barua ya ajira, cheti cha chuo na viatu vipya. Ofisi sitaitaja jina, maana wengine bado wanafanya kazi humo. Ilikuwa na maofisa ustawi wa jamii wanne na viti vitatu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mrisho, mtu mrefu, mkavu, mwenyeji wa Mbegani, aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu mimi niko shule ya msingi. Alinikalisha juu ya boksi la fomu, akaniambia nisiogope, boksi hilo limekaliwa na watu wazito kuliko mimi.

Zile fomu zilikuwa za taarifa za watoto. Za watu wazima hazikuwepo. Nilipomuuliza Mzee Mrisho tunafanyaje mtu mzima akidhulumiwa, akachomoa moja chini yangu na kunionyesha. Mteja wetu wa kwanza siku hiyo alikuwa babu wa miaka themanini na ushei, aliyekuwa akipigwa na mkwewe. Penye jina la mtoto tukaandika jina la babu. Penye jina la shule, kalamu yangu ikasimama. Mzee Mrisho akaniambia niandike "hajaanza". Wiki kadhaa baadaye ikaja barua kutoka juu ikiuliza kwa nini mtoto huyu hajaandikishwa darasa la kwanza mpaka leo. Mzee Mrisho akajibu kwa mwandiko mzuri kwamba familia inasubiri afya yake itengemae. Hawakuuliza tena. Yule babu tulimhamishia kwa binti yake, akaishi miaka mingine mingi bila shule.

Mzee Mrisho hakuwahi kunifundisha akiwa ameketi. Alinifundisha njiani na uani kwa watu. Aliniambia nitazame miguu ya mzee. Uso unaweza kupanguswa mgeni akibisha hodi, nguo inaweza kubadilishwa mgeni akivua viatu, lakini kucha za miguu hazikatwi kwa haraka namna hiyo. Aliniambia niombe maji ya kunywa hata kama sina kiu, kisha nimtazame mzee anavyoitazama ile bilauri. Aliniambia nitazame milango. Chumba cha mtu kina komeo ndani. Komeo likiwa nje, ama hicho si chumba cha mtu, ama aliyemo hahesabiwi kuwa mtu.

Mengine ni haya. Usiende kwa kuarifu. Zungumza na mzee peke yake, na usimuulize kama anateswa, maana atasema hapana. Muulize jana alikula nini na nani alimpa. Akisema "hunikoromea", andika "hunikoromea". Usiandike "ukatili wa kisaikolojia", maana hakimu akimuuliza kama alifanyiwa ukatili wa kisaikolojia, bibi atasema hapana, alikoromewa tu.

Mzee Mrisho alipostaafu, alirudi Mbegani kufuga bata. Ofisini tukapata mkuu mpya wa idara, Bwana Makame, mtu msafi, mpenda mpangilio. Akaleta utaratibu wa miadi. Hakuna kumtembelea mtu bila kumpigia simu siku mbili kabla, kwa heshima ya familia. Niliona ni ustaarabu. Niwe mkweli, niliona pia ni nafuu, maana kwenda bila kuarifu kuna siku unafika Kiwangwa na vumbi lako lote, ukakuta wenyewe wako shamba.

Siku moja akanipigia simu mwanamke asiyetaka kujitaja. Alisema kule Kiwangwa, kwa Shabani wa mananasi, kuna bibi anaitwa Bi Tatu, shangazi yake Shabani, na bibi huyo haonekani tangu Ramadhani iliyopita. Nikamshukuru. Nikampigia Shabani, tukapanga siku.

Shabani alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye sauti ya chini, anayekupokea mkono kwa mikono yake miwili. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, akawa anaishi na shangazi yake tu, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu utoto. Alinikaribisha ukumbini. Kwenye mkeka alikuwa ameketi bibi mnene, mashavu yanang'aa, kajitanda kanga mpya. Nikaamkia. Nikatazama miguu: kucha safi, nyayo zina hina. Nikaomba maji, bibi naye akaletewa, akanywa yote, akaomba mengine. Nikamwomba Shabani atupishe, akatoka bila kinyongo na kwenda kutumenyea nanasi.

Nikamuuliza bibi jana alikula nini. Ugali, dagaa wa nazi na mchicha. Nani alimpikia? Alipika mwenyewe. Anatoka nje? Kila siku, na jioni huenda kusalimia majirani. Kuna mtu anayemkoromea? Akafikiri kidogo, akasema hapana, yeye mwenyewe ndiye anayekoroma, na wenzake humlalamikia.

Niliuona mlango mmoja wenye komeo kwa nje. Niliuona vizuri sana. Nikajiambia hiyo ni stoo ya mananasi, na mananasi hayahitaji komeo kwa ndani. Kisha nikala nanasi. Lilikuwa tamu.

Nilimpigia yule mwanamke nikamwambia Bi Tatu nimemwona kwa macho yangu, yu mzima. Akasema kama nimemwona basi alhamdulillahi, akakata simu.

Mara ya pili nilikuwa na kadi ya kliniki ya Bi Tatu, ya zamani, isiyo na picha. Iliandikwa kwamba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hatambui sura ya mtu. Nilimkuta bibi anatunga uzi kwenye sindano huku anazungumza nami, bila hata kuinua mkono kwenye mwanga. Nikaandika: uoni umeimarika kwa matunzo ya familia. Mara ya tatu kuku aliingia ukumbini, bibi akainuka, akamkimbiza mpaka uani, akarudi naye kwapani. Kadi ilisema anatembea kwa kushikwa mkono. Nikaandika: mwendo mzuri.

Mnacheka. Nami ningecheka, kama mwandiko usingekuwa wangu.

Bwana Makame alizipenda sana taarifa zile. Alizisoma kwenye kikao kama mfano wa kazi iliyozaa matunda. Tulipofanya sherehe ya kuwaenzi wazee, chini ya turubai mjini, Shabani aliitwa mbele akapewa cheti cha mlezi bora na chupa ya chai. Bibi akaombwa aseme neno. Akasimama bila kushikwa, akatushukuru wote tunaowajali wazee, akamaliza kwa kusema kwamba tukimhitaji tena wakati wowote, yeye yuko tayari. Tukapiga makofi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Wiki chache baadaye nilikwenda Zinga asubuhi kwa shughuli nyingine. Pembeni ya barabara ya Dar, karibu na vibanda vya duka, nikamwona anamenya mananasi na kuyapanga vipande kwenye sinia. Nilifurahi kama nimemwona mama yangu. Nikamwamkia, shikamoo Bi Tatu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ila leo mimi Pili. Tatu ni kule Kiwangwa tu."

Alinisogezea kigoda na kunipa kipande cha nanasi, nikakitia mdomoni kabla maneno yake hayajaniingia. Nikamwomba anieleze polepole. Akanieleza bila kuficha, kwa sababu hakuona cha kuficha. Yeye ni Bi Pili, mkazi wa Zinga tangu aolewe. Shabani humuuzia mananasi. Siku moja Shabani alimwambia kwamba serikali inakuja kumwangalia shangazi yake, lakini shangazi ni mgonjwa, hawezi kukaa na wageni, kwa hiyo anahitajika mwakilishi. Bi Pili alijua habari ya wawakilishi. Mwenyekiti akikosa kuhudhuria kikao hutuma mwakilishi, bwana harusi aliyeko safarini huozwa kwa wakili. Basi kila ninapopanga miadi, Shabani humtumia bodaboda, yeye hukaa ukumbini, hujibu maswali, kisha hurudishwa Zinga na mananasi yake sita.

"Lakini mbona ulinidanganya?" nikamuuliza.

"Nilikudanganya wapi? Uliniuliza nimekula nini, nikakwambia nilichokula. Uliniuliza nani kapika, nikakwambia nimepika mimi. Jina hukuniuliza. Wewe ndiye uliyekuwa unaniita Tatu, nikaona labda ndivyo utaratibu ulivyo."

Nilitafuta katika kumbukumbu zangu mahali nilipomuuliza jina. Sikupata.

Nikamuuliza kama huyo Bi Tatu mwenyewe amewahi kumwona. Akasema hajamwona, humsikia tu, kwenye kile chumba chenye komeo, wageni wakishaondoka.

"Husema nini?"

"Huuliza kama adhuhuri imefika."

"Na wewe hufanyaje?"

"Humjibu. Humwambia bado, au humwambia tayari." Akaendelea kumenya. "Nilimuuliza Shabani mbona mgonjwa kafungiwa, akasema ni maelekezo ya ofisi yenu."

Kipande cha nanasi kilikuwa bado mdomoni mwangu. Sikuweza kukimeza na niliona haya kukitema mbele yake.

Njia ya kurudi mjini ilinipitisha Mbegani, nikaingia kwa Mzee Mrisho. Nilimkuta anawagombeza bata. Nilimweleza kila kitu, na hina, na sindano, na kuku, na cheti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimuuliza jina?" akasema.

Nikasema sikumuuliza. Hakunigombeza, bata ndio waliokuwa wakigombezwa siku ile. Aliniambia tu nirudi ofisini sasa hivi, niandike kwamba nilikosea, niandike kabla sijanywa chai, maana baada ya chai mtu huanza kutafuta maneno mazuri. Nikamuuliza nikifukuzwa kazi itakuwaje. Akasema bata wanahitaji msaidizi.

Bwana Makame aliposikia aliinuka akafunga dirisha. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mmkumbuke hivyo. Aliogopa karatasi kuliko alivyoogopa watu. Alinionyesha kwamba jalada la Bi Tatu limeshafungwa kwa mafanikio. Kulifungua upya kunataka alama ya dole gumba la mteja mwenyewe, na mteja mwenyewe, kwa maelezo yangu, yuko nyuma ya komeo. Akapendekeza niandike kwamba hali ya mteja imebadilika ghafla. Nikasema haijabadilika, ni mimi ambaye sikuijua. Akaniuliza hotuba je, hotuba ipo kwenye picha, na yeye mwenyewe yupo kwenye picha anapiga makofi.

Nikakaa nikaandika ukurasa mmoja kwa mkono. Niliandika kwamba mimi, Zuhura, nilikwenda mara tatu kumkagua Bi Tatu, na mara zote tatu mtu niliyemkagua hakuwa yeye. Bwana Makame akausoma mara mbili, akaniomba nifute "hakuwa yeye" niandike "alikuwa tofauti kidogo na yeye". Nikakataa. Akautazama tena, akapumua, akagonga mhuri. Nimemheshimu kwa hilo mpaka leo.

Polisi nilimkuta Koplo Neema, mama mmoja mtulivu mwenye miwani. Nilimpa ile picha ya sherehe na maelezo yangu, na hapo tukapotezana.

"Aliyefungiwa ndiye huyu anayehutubia?"

"Hapana, huyo ni Bi Pili."

"Kwa hiyo Bi Pili ndiye aliyefungiwa?"

"Bi Pili yuko Zinga, anauza mananasi."

"Na huyu anayepewa cheti?"

"Huyo ndiye aliyefungia."

Koplo Neema akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akafanya jambo ambalo ningependa nyote mjifunze. Aliyaweka pembeni maelezo yangu yote, akaandika mstari mmoja: kuna mtu mzima ndani ya chumba kilichofungwa kwa nje, hatujui hali yake. Akasema hayo yanatosha kwenda, mengine tutayajua tukifika. Mimi nilikuwa nimezoea kusubiri nijue kwanza ndipo nitoe taarifa. Ukiwa na shaka, toa taarifa yenye shaka.

Hatukwenda siku ileile. Gari la ofisi lilikuwa limepeleka watu msibani na la polisi lilikuwa safarini. Bi Tatu alilala siku moja zaidi mle ndani kwa sababu hiyo, na nimeliandika hili kwa sababu kwenye jalada halimo.

Asubuhi nilimpigia Shabani, kama kawaida, ila safari hii si siku mbili kabla, nikamwambia leo nitapita. Koplo alitaka tumkute nyumbani. Tulizungukia Zinga kwanza kuhakikisha hajachukuliwa, tukamkuta Bi Pili anatusubiri barabarani katika kanga zake za sherehe. Nilikuwa nimempigia kumwambia asiende akiitwa. Akasema kuwa haendi kwa Shabani, anakwenda kwa Tatu, na akapanda gari kabla hatujamkatalia.

Kiwangwa tukamchukua mtendaji wa kijiji. Gari tukaliacha nyuma kidogo, nikaingia mimi kwanza. Shabani alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, akasema shangazi amejipumzisha, atatoka baada ya muda. Simu yake ikalia. Nilimsikia mwendesha bodaboda akimwambia kwamba bibi hayupo Zinga, ameshaondoka na gari. Shabani akanitazama, akatabasamu, akasema mtandao unasumbua. Akaniletea nanasi. Nikasema leo sitakula. Akaleta la pili, akidhani la kwanza halikuiva.

Ndipo wakaingia mtendaji, Koplo Neema na Bi Pili nyuma yao. Shabani alipomwona Bi Pili mlangoni uso wake ulipata nuru. Akainuka upesi.

"Huyu hapa shangazi," akaniambia. "Shikamoo, shangazi. Mbona umetoka na jua?"

"Marahaba," Bi Pili akasema. "Leo nimekuja mwenyewe, Shabani. Leo ni Pili."

Cheti chetu kilikuwa kimetundikwa ukutani, hatua mbili kutoka kwenye ule mlango, na jina langu likiwa chini yake kama shahidi. Koplo akamwomba Shabani afungue. Shabani hakubisha. Alivuta komeo kama mtu aliyechoka, akasogea pembeni.

Chumba kilikuwa na magunia matupu, ndoo na kitanda cha kamba. Juu ya kitanda aliketi bibi mwembamba sana, mgongo umenyooka, kajifunika vizuri. Macho yake yote mawili yalikuwa na utando. Nilitazama miguu yake. Sitaandika nilichokiona, siku mtakapokiona wenyewe mtajua. Aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Adhuhuri imefika?" akauliza.

Bi Pili ndiye aliyejibu.

"Bado, dada. Saa nne hii."

Bi Tatu akainamisha kichwa kama anasikiliza tena. "Wewe ndiye unayenijibu," akasema. "Nilidhani nimeanza kuweweseka."

Bi Pili akaingia akaketi naye kwenye kamba, akamshika mkono. Ndipo nami nikaingia. Nikamwamkia, nikamtajia jina langu. Kisha nikamuuliza lake.

Akasema anaitwa Tatu, binti Salum. Akaniuliza mbona nalia, kuna msiba?

Shabani alituambia yote bila kulazimishwa. Mwaka mmoja kabla, shangazi yake alitoka peke yake, akapotea kwenye mashamba ya mihogo tangu asubuhi hadi magharibi, kijiji kizima kikamtafuta, na watu wakamsema Shabani kwamba ameshindwa kumtunza aliyemlea. Siku iliyofuata akaweka komeo, kwa saa mbili tu, wakati yeye yuko shamba. Zikawa nne. Kisha ikawa hata akiwepo, kwa sababu ni rahisi. Aliaibika shangazi alivyokonda, akaogopa kuonekana, na nilipopiga simu ile ya kwanza akaona hana njia. Alikuwa analia. Nilimwamini, na niliendelea kuandika. Mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, msilazimike kuchagua.

Kesi ilifika mahakamani. Bi Tatu alipoulizwa anataka mpwawe afanywe nini, alisema asifungwe, maana yeye anajua kulivyo. Akapewa kifungo cha nje, akafagia zahanati kwa miezi. Wapo waliosema ni kidogo. Mimi nilipewa barua ya onyo, na ilikuwa na makosa mawili ya tahajia ambayo niliyasahihisha kabla ya kusaini. Utaratibu wa miadi uliondolewa. Cheti kilirudishwa na Shabani mwenyewe, kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, pamoja na chupa ya chai. Bwana Makame hakujua aiweke wapi chupa. Ipo ofisini mpaka leo. Ndiyo hiyo mnayoitumia.

Yule mwanamke aliyenipigia nilimtafuta. Ni jirani wa nyumba ya tatu. Alipokuwa akipita nje ya ukuta alisikia sauti ya Bi Tatu, lakini niliposema nimemwona, aliona mwenye makosa ni yeye. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, ila hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu.

Tulimuuliza Bi Tatu anataka kuishi wapi. Nilikuwa na orodha: makazi ya wazee, ndugu wa Chalinze, binamu wa Dar. Akaisikiliza yote, kisha akasema anataka kwenda Zinga, kwa huyu anayejibu. Bi Pili akasema ameshaandaa kitanda tangu juzi. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika uhusiano wao. Nikawauliza niandike nini, wakatazamana, Bi Pili akasema niandike mwakilishi. Nikaandika.

Baadaye madaktari wa macho walipokuja, Bi Tatu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Siku ya kutoa bandeji nilikuwapo, na tulirudi naye Zinga bado amevaa miwani nyeusi ya hospitali, anaishika kwa mikono miwili. Bi Pili alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akajinyoosha kanga kama anayepigwa picha.

Bi Tatu akavua miwani. Akamtazama Bi Pili kuanzia juu mpaka chini, taratibu, unene wake, weusi wake, mashavu yake, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, myeupe na myembamba kama vijiti.

"Hatufanani hata kidogo," akasema.

Bi Pili akakubali kwamba hawafanani.

Bi Tatu akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyemtazama huyu mara tatu, ukaandika ni mimi?"

Nikasema ndimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi kumwomba radhi, maneno nilikuwa nayo tayari, mazuri kabisa. Hakunipa nafasi. Alinitazama machoni kwa jicho lake jipya, muda mrefu, kama mimi ndiye niliyekuja kukaguliwa.

"Pili," akasema, "mpakulie huyu kwanza. Macho ya namna hii ni ya njaa."

Nikapakuliwa. Ulikuwa ugali, dagaa wa nazi na mchicha. Nikala wote, wao wawili wamekaa mbele yangu, wananitazama.